"Huenda" si Sababu: Wakili wa Serikali na Siri za Dola

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifundisha Kiswahili jioni kwa watu wazima hapa Kampala. Huja baada ya kazi, wamechoka, wengine na mikoba ya ofisini begani, na wengi wao husukumwa na haja: tangu mwaka 2021 Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Miongoni mwao aliwahi kuwamo wakili wa serikali. Sehemu kubwa ya kazi yake ilihusu maombi ya raia wanaotaka taarifa zilizomo mikononi mwa dola, hasa yale maombi ambayo jibu lake, likija, huja na maneno "usalama wa taifa". Hakuwahi kunitajia jalada hata moja. Yote niliyojifunza kwake kuhusu kazi hiyo niliyapata kwa kumtazama jinsi alivyoyashika maneno.

Ninaiandikia kazi hii kwa kuwa wanafunzi wangu wengi huidhania kuwa ni kazi ya bawabu: raia anabisha hodi, wakili anasema hapana. Wanaodhani hivyo hawakosi sababu. Lakini ukiisoma sheria yenyewe, utamkuta wakili huyo amesimama mahali pagumu zaidi.

Ibara ya 41 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 humpa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa dola na vyombo vyake, isipokuwa pale ambapo kuzitoa kungeelekea kudhuru usalama au mamlaka ya dola, au kuingilia faragha ya mtu mwingine. Sheria ya Kupata Taarifa ilitungwa mwaka 2005 na kuanza kutumika Aprili 2006. Kwa mujibu wake afisa wa habari wa taasisi husika anapaswa kujibu ndani ya siku 21. Akinyamaza, kimya chake huhesabiwa kuwa ni kukataa, na mwombaji anaweza kwenda kwa hakimu mkuu. Mwombaji halazimiki kueleza anaitakia nini taarifa hiyo. Kumbukumbu za Baraza la Mawaziri, hata hivyo, zimewekwa nje ya sheria hiyo kabisa. Na pembeni yake ipo Sheria ya Siri za Serikali ya mwaka 1964, iliyotungwa katika miaka ya mwanzo ya uhuru, na ambayo mtumishi wa umma huikumbuka upesi kuliko ile ya 2005. Si ajabu: moja humwahidi adhabu akisema, ilhali nyingine humtaka aseme.

Niliwapa wanafunzi zoezi la kuitafsiri Ibara ya 41. Nilidhani ingetuchukua jioni moja, nayo ikatuchukua nne.

Mwuguzi mmoja alilikuta katika maandishi ya Kiingereza neno ambalo kamusi yake ililieleza kuwa ni chuki au upendeleo, akaandika kwamba taarifa isitolewe ikiwa itaubagua usalama. Tulicheka, naye akacheka. Katika lugha ya sheria neno hilo humaanisha kudhuru, au kuathiri kwa ubaya. Mwingine, muuza vifaa vya ujenzi, aliuliza kwa dhati kwa nini Katiba iwe na wasiwasi juu ya usalama wa dola, yaani fedha za Kimarekani, ilhali sisi tunatumia shilingi. Kwa wageni wa Kiswahili swali hilo ni la haki kabisa: "dola" yenye asili ya Kiarabu, mamlaka inayotawala nchi, na "dola" ya benki huandikwa na kutamkwa sawasawa. (Wanafunzi wangu Waganda wana mtego wao mwingine. Siri kwao ni kyama, nao wakisikia habari za chama cha siasa huinamisha vichwa kidogo.)

Kilichotukwamisha hasa ni neno dogo lililotangulia dhara. Wengi waliandika "huenda": taarifa isitolewe ikiwa huenda ikadhuru usalama. Sentensi ilikuwa sanifu, nami nilikuwa tayari kuipa alama. Yule wakili ndiye aliyeikataa.

"Mwalimu," alisema, "kwa 'huenda' ningeshinda kila kesi bila kufungua jalada."

Akaeleza. Kila kitu huenda kikadhuru. Orodha ya magari ya wizara huenda ikamsaidia mwizi. Bajeti ya chakula cha kambi huenda ikamwambia adui idadi ya askari. Akili ya mtu mwoga haikosi njia ya kutoka kwenye karatasi yoyote hadi kwenye balaa. Katiba haikutumia neno la bahati nasibu namna hiyo. Ilitumia neno linalodai kwamba dhara linaelekea kutokea, kwamba mtu mwenye busara akiyapima mambo ataliona likija. Tulijaribu "yumkini", tukaiona nayo nyepesi. Tulijaribu "bila shaka", ikawa nzito kupita kiasi, kwa maana wakili hawezi kuapa juu ya kesho. Mwishowe tukaandika "kuna uwezekano wa dhahiri". Ni maneno manne mahali pa moja, lakini yanabeba uzito wake.

Jambo hilo si la darasani tu. Mwaka 1996 Meja Jenerali David Tinyefuza alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge iliyokuwa ikichunguza vita vya kaskazini mwa Uganda, kisha akataka kuondoka jeshini. Alipozuiwa akaenda Mahakama ya Katiba. Katika kesi hiyo mawakili wa serikali waliupinga ushahidi mmoja, ujumbe wa redio wa kijeshi, wakisema ni waraka wa ndani ambao hauwezi kupokelewa mahakamani. Kwa kanuni ya zamani iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, pingamizi hilo lingetosha: mkuu wa idara husema kuwa hii ni siri, na maneno yake huwa ndiyo mwisho. Mwaka 1997 majaji wakasema kwamba tangu kuwapo kwa Ibara ya 41 mambo yamegeuka. Mahakama ndiyo itakayoamua kama waraka unaangukia ndani ya zuio, na mzigo wa kuthibitisha dhara ni wa serikali. Mwaka uliofuata jenerali alishindwa katika rufaa mbele ya Mahakama ya Juu kuhusu suala lenyewe la kuondoka jeshini, na ndilo watu wanalolikumbuka. Mimi nalikumbuka lile la ujumbe wa redio. Inanipendeza, nakiri, kwamba haki ya raia kujua ilipata nguvu kupitia kesi ya mtu ambaye mwenyewe alikuwa miongoni mwa watunza siri.

Tangu hapo kazi ya wakili wa serikali, ikifanywa inavyopasa, haianzii mahakamani. Huanzia ofisini, mbele ya afisa aliyeleta jalada lenye muhuri mwekundu na maneno "tukatae". Wakili hana budi kumhoji mteja wake mwenyewe. Nani atadhurika? Kwa namna gani? Je, jambo hili halijachapishwa tayari katika ripoti nyingine? Sehemu ipi hasa ya ukurasa ndiyo siri? Swali hilo la mwisho lina nguvu ya sheria, kwa kuwa Sheria ya 2005 huruhusu kuitenga sehemu inayolindwa na kuitoa iliyobaki. Aya moja ikifichwa, kurasa kumi zinaweza kutoka. Afisa hulazimika kuweka sababu zake katika hati ya kiapo, na kiapo kina tabia ya kumfanya mtu apunguze ukubwa wa maneno. Mwanafunzi wangu alinifundisha hapo matumizi ya kitenzi ambacho sikuwahi kukifikiria kwa namna hiyo: alisema kazi yake ni "kuikamua" siri mpaka ibaki ile iliyo siri kweli.

Na iliyo siri kweli ipo. Nisingependa msomaji aondoke akidhani neno usalama ni kisingizio kila linapotajwa. Mimi ni mkazi wa Kampala. Usiku wa Julai 11, 2010, watu waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia katika uwanja wa raga wa Kyadondo na katika mkahawa mmoja wa Kabalagala walilipuliwa kwa mabomu, na zaidi ya 70 wakafa. Jiji hili halihitaji kuelezwa kwa nadharia kwamba wapo wanaotaka kuua. Mtu aliyekwenda kwa siri kumweleza askari kwamba nyumba ya jirani ina wageni wasioeleweka, jina lake likitoka katika karatasi iliyotolewa kwa uzembe, hana katiba itakayomlinda usiku huo. Wakili anayeliacha jina hilo lipite ili aonekane mpenda uwazi amefanya kosa lisilosahihishika kwa rufaa. Mwandishi aliyenyimwa waraka anaweza kurudi tena kesho. Ndiyo maana naiona kazi hii kuwa nzito: makosa yake ya upande mmoja humwangukia mtu mmoja asiyejulikana, na ya upande mwingine huangukia nchi nzima polepole.

Hayo ya upande mwingine huonekana vizuri katika mikataba. Mwaka 2001 asasi ya mazingira iitwayo Greenwatch ilikwenda Mahakama Kuu ikitaka mkataba wa umeme wa bwawa la Bujagali, kwenye Mto Nile karibu na Jinja. Mwaka 2002 Mahakama ilikubali kwamba hati hiyo ni ya umma, kisha ikamnyima mwombaji, kwa kuwa kampuni hiyo haikuthibitisha kuwa ni raia! Miaka michache baadaye waandishi wawili wa habari waliomba mikataba ya mafuta, na mwaka 2010 hakimu mkuu wa Nakawa akawakatalia. Hakuridhika kwamba wameonyesha faida ya umma iliyo kubwa kuliko madhara ya kuitoa. Hapo si bunduki wala majina ya watoa habari yanayolindwa, bali ni kifungu cha usiri ambacho serikali na kampuni zilikubaliana. Nchini Kenya hoja za namna hiyo zilitolewa kuhusu mikataba ya reli ya SGR, pamoja na sheria yao ya siri za serikali. Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamuru mikataba itolewe, na Novemba mwaka huohuo waziri wa uchukuzi akaweka hadharani baadhi ya hati.

Ibara ya 119 ya Katiba ya Uganda hutaka mkataba wowote wa serikali upate kwanza ushauri wa Mwanasheria Mkuu, isipokuwa pale ambapo Bunge limeelekeza vinginevyo. Maana yake ni kwamba ofisi inayokuja kuutetea usiri mahakamani ndiyo iliyousoma mkataba kabla haujatiwa saini. Iliona kifungu cha usiri kikipita mbele ya macho yake. Kwa maoni yangu hapo ndipo mahali pa kukizuia, kabla ya kalamu, wakati bado hakuna raia aliyenyimwa chochote wala kampuni iliyoahidiwa chochote. Nilimwuliza mwanafunzi wangu kama huwezekana. Alinyamaza kidogo, kisha akanitaka nimweleze tofauti ya "kushauri" na "kushawishi".

Neno la mwisho kutushinda katika zoezi lile lilikuwa lile la usalama wa nani. Tulikuwa na maneno manne mezani: serikali, dola, taifa, nchi. Watanzania wamezoea "usalama wa taifa", ndilo hata jina la idara yao ya ujasusi, na nusu ya darasa ilitaka tulifuate. Wakili alilipinga "serikali" kuliko yote, jambo lililoshangaza wenzake, kwa kuwa ndilo lililomo katika cheo chake. Alisema serikali ni watu walio ofisini leo, na waziri akilisoma neno hilo atadhani ametajwa yeye. Naye akiaibika, atadhani usalama umedhurika. Maandishi ya asili, alisema, yanataja kitu kinachobaki wakati mawaziri wamebadilishwa. Basi "dola", nikasema. Muuza vifaa vya ujenzi akanong'ona kwamba watu watadhani ni zile za benki, na kwamba kwa mikataba ya mafuta huenda hawatakosea sana.

Wakili alicheka kuliko wote. Aliandika "dola" katika nakala yake, akalipigia mstari, akaandika juu yake "nchi", kisha akafuta vyote viwili na kusema atanijibu wiki ijayo. Wiki iliyofuata alikuwa na kesi. Muhula huu tunaisoma ibara ileile na wanafunzi wapya, na nimekwisha kuwaambia kila mmoja aje na kamusi.