Chura wa Gisenyi na Makao Yake Mawili

Msafiri atokaye Kigali hupita Musanze, kisha huteremka hadi Gisenyi, mji wa Wilaya ya Rubavu, kando ya Ziwa Kivu. Ziwa hilo liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Ng'ambo ya mpaka ni Goma. Na nyuma yake umesimama mlima Nyiragongo, uliotapika moto mwaka 1977, 2002 na 2021. Wageni huja kuogelea na kutazama mitumbwi ya wavuvi. Ni wachache waulizao habari za kiumbe aimbaye usiku kucha mabondeni, yaani chura.

La kustaajabisha ni kwamba ziwa lile kubwa silo apendalo kuzalia. Humo mna samaki walao mayai na watoto wake, tena mna mawimbi. Yeye hutafuta vidimbwi, mitaro na vinamasi, kama vile vya bonde la mto Sebeya, ushukao milimani na kupita Nyundo kabla ya kuingia ziwani. Jike hutaga mayai yaliyovikwa utelezi. Hutoka viluwiluwi wenye mkia, wavutao hewa majini kwa matamvua kama samaki. Baadaye miguu ya nyuma huota, kisha ya mbele. Mkia hupungua hata ukatoweka, na mapafu hushika kazi. Ndipo chura hupanda nchi kavu kuwinda wadudu majanini, mpaka mvua imwite tena majini.

Hata hivyo, vyura wote si wa tabia moja. Katika nyanda hizi za juu yuko chura mwenye kucha, ambaye hana ulimi na hukaa majini karibu maisha yake yote. Kidimbwi chake kikikauka, husubiri usiku wa mvua akahamia kingine.

Huko Ulaya yuko ndugu yao mwenye mkia, salamanda wa madimbwini. Mtu akimwona atamdhania mjusi, lakini ngozi yake ni laini, yenye unyevu, isiyo na magamba. Naye huzaliana majini, kisha hukaa nchi kavu chini ya magogo na mawe. Katika Afrika jamaa zake wako Moroko, Algeria na Tunisia tu. Kusini ya Sahara hawapo. Kwetu kazi hiyo ya kuishi kwenye makao mawili ni ya chura.

Mwenye makao mawili ana hatari mbili. Bwawa likifukiwa, hana pa kuzalia; majani yote yakifyekwa, hana pa kujificha. Ngozi yake hupitisha maji na hewa, kwa hiyo dawa za shambani humdhuru upesi.

Hasara hiyo si yake peke yake. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha. Sebeya ikafurika na kubomoa nyumba Rubavu, na watu zaidi ya 130 wakafa katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini ya Rwanda. Kinamasi peke yake hakiwezi kuzuia mvua ya namna ile, lakini hupokea maji na kuyaachia polepole. Anayekijenga humfukuza chura, kisha hujiweka mwenyewe katika njia ya maji.

Yafaa basi wazazi wawafunze watoto wasimpige chura mawe. Anayeogopa mbu na amwage maji yaliyotuama katika makopo na matairi uani, wala asifukie bwawa la bondeni. Askari aliyepata kushika lindo karibu na maji anajua kwamba vyura wakinyamaza ghafla, huenda kuna mtu anapita. Bonde ambalo vyura wake wamenyamaza moja kwa moja, nalo lastahili kuangaliwa kwa makini vivyo hivyo.