Usimwongezee Babu Yako

Mjukuu wangu,

  Maandishi yako juu ya babu yako, marehemu kaka yangu, yamefika huku Bukene, na shangazi yako amenisomea yote, kisha nikamwambia arudie. Nimefurahi kwamba ukoo umekukabidhi wewe kazi hii, maana ndiwe unayelibeba jina lake. Lakini umeandika kwamba aliuawa Lukaya katika vita ya Uganda akiwaongoza wenzake, bunduki mkononi. Futa hapo. Hakufa Lukaya, na hakuwa kiongozi wa mtu. Naijua nia yako, ulitaka kumpa heshima. Heshima anayo tayari. Mwandike alivyokuwa.

Anza na kazi yake. Babu yako alikuwa mkulima wa pamba na fundi wa milango. Milango miwili aliyoichonga bado inafunga vizuri hapa kijijini, na ukija nitakupeleka uiguse. Mgambo alijiunga kama vijana wengi wa wakati ule: kwata jioni baada ya shamba, wengine wakishika fimbo kwa sababu bunduki hazikutosha. Hakuna aliyedhani kwamba kwata ile ingemfikisha mtu Kampala.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka, yakaikalia nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, na Amin akatangaza kuwa ni ya Uganda. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu, kiwanda cha sukari kikaporwa, watu wakauawa vijijini mwao na wengine wakakimbia na watoto mgongoni. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akazungumza na taifa. Tulikusanyika kwenye redio ya jirani, watu wamejaa hadi nje, na babu yako alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema neno. Kesho yake alikwenda shambani kama kawaida. Hapo nakuomba utue kidogo unapoandika, kwa sababu watu hupenda kusema kwamba waliruka kwa furaha kwenda vitani. Yeye hakuruka. Alipoitwa aliitikia, akamwonyesha bibi yako mpaka wa shamba aliokuwa amebishania na jirani, akaniachia mimi randa na msumeno, akapanda treni ya Mwanza pamoja na wengine. Kutoka Mwanza walivuka ziwa kwa meli hadi Bukoba. Baba yako alikuwa bado hajaanza kutembea.

Barua ilikuja moja tu. Aliuliza kama pamba imepaliwa. Akasema kule ni ndizi asubuhi na jioni, na kwamba matope yanavua viatu. Kuhusu mapigano hakuandika kitu. Barua hiyo anayo bibi yako, na ukimwomba kwa adabu atakuonyesha.

Mengine niliyapata kwa mwenzake wa kikosi kimoja, mtu wa Igunga, ambaye naye ameshatangulia. Alikuja hapa baada ya vita, akakaa nasi siku kadhaa, akasimulia polepole bila kujigamba. Jeshi letu lilivuka mpaka, likachukua Mutukula Januari 1979, likafika Masaka mwishoni mwa Februari. Wengi walikwenda kwa miguu. Kutoka mpakani hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na kaka yangu alizitembea akiwa na kasha la risasi begani. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa, kubeba. Iandike kwa urefu, wala usiipite haraka ukikimbilia mizinga, kwa maana hakuna bunduki iliyolia bila mtu aliyeibebea risasi.

Sasa Lukaya. Tarehe 10 Machi, Brigedi ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa mgambo, ilipigwa kwa makombora na Waganda waliokuwa pamoja na Walibya wa Gaddafi. Makombora mengi yaliwapita juu ya vichwa, lakini sauti ile hawakuwahi kuisikia ikiwaelekea wao. Wakavunja safu, wakakimbia. Babu yako alikimbia. Alilala kwenye kinamasi, maji kifuani, na yule wa Igunga alikuwa karibu naye. Usiku kucha makamanda waliwakusanya watu upya, Brigedi ya 208 ikazunguka kutokea ubavuni, na alfajiri ya tarehe 11 wakapiga kwa pamoja. Lukaya ikachukuliwa. Babu yako alikuwamo asubuhi ile. Najua wajomba zako watakuambia uliache lile la kukimbia. Usiliache. Alikuwa fundi wa milango, usiku ule aliogopa, na kulipokucha akarudi mahali palepale palipomtisha. Mimi sina jambo jingine la kaka yangu ninalolistahi kuliko hilo.

Kampala ilichukuliwa tarehe 11 Aprili. Yeye aliendelea na kikosi kuelekea kaskazini, na mwezi wa Mei lori walilopanda lilipinduka barabarani, akafa. Hakukuwa na adui karibu. Habari ilipotufikia, baadhi ya watu walinong'ona kwamba huyo basi hakufa vitani, na bibi yako aliyasikia. Wewe umesoma, kwa hiyo liandike jambo hili wazi: hesabu iliyotolewa gazetini ilitaja askari wetu 373 waliokufa katika vita ile, na kati yao 96 tu ndio waliouawa mapiganoni. Wengi kuliko hao waliondoka kama yeye, katika njia na kambi za vita ileile. Mwenye kusafiri kwa lori la jeshi mamia ya kilomita kutoka kwao, kwa amri, yuko vitani. Asikubabaishe mtu.

Jambo jingine. Usiwaandike Waganda kwa dharau. Masaka ilipigwa mizinga hadi majengo yakalala chini, na walioishi humo walikuwa watu kama wa Kyaka. Yule wa Igunga alipofika kwenye habari za Masaka alinyamaza, akaomba maji. Na njia nzima wanakijiji wa Uganda waliwapa askari wetu ndizi na kuwaonyesha njia. Vita ilikwisha Juni, jeshi lilipofika mpaka wa Sudan, kisha hapa nyumbani ikaja ile miezi 18 ya kufunga mkanda aliyoitangaza Mwalimu, iliyozidi sana miezi 18. Sabuni tuliipangia foleni. Bibi yako alilima pamba ile peke yake, akamsomesha baba yako. Mpe nafasi yake katika maandishi, kwa kuwa sehemu kubwa ya gharama aliilipa yeye.

Kabla ya kuchapisha, nenda Kaboya, Muleba, alikozikwa. Makaburi yako katika mistari, na walinzi watakuelekeza. Soma na majina ya jirani zake wa kulia na kushoto, uyanakili, kwani huenda nao wana wajukuu wanaotafuta. Ukirudi pitia hapa umsomee bibi yako yote tangu mwanzo, pamoja na kinamasi na lori. Akisema ondoa neno, liondoe bila kubishana naye.

Nauli ya treni nitaituma mwisho wa mwezi tukishauza mpunga.

Ni mimi babu yako mdogo.