Mzee akisahau njia: zamu kwanza, programu baadaye

Leo naziweka kando lugha za kompyuta nizungumzie ombi ninalopata kila watu wakijua kazi yangu ni kutengeneza programu: "Huwezi kututengenezea kitu cha simu, mama asipotee?" Nimeombwa hivyo Likoni, nimeombwa Kisauni na Changamwe pia. Anayeomba karibu kila mara ni binti au mkaza mwana, na ukimtazama unajua hajalala.

Kwanza, ugonjwa wenyewe. Kusahau jina la mtu kisha ukalikumbuka jioni ni kawaida. Kusahau njia ya kurudi nyumba uliyoishi miaka 30 si uzee tu. Hiyo huenda ikawa dimensia, jina la kundi la magonjwa ya ubongo ambalo Alzheimer ndiyo maarufu zaidi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa nayo, na zaidi ya 60% wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu.

Je, programu hiyo inawezekana? Inawezekana. Vifaa vya GPS vinauzwa, na simu inaweza kutuma mahali ilipo. Lakini betri huisha, bando huisha, na mzee akikiacha kifaa kitandani, ramani itakuonyesha kitanda. Kisha fikiria kivuko cha Likoni. Mtu wa miguu halipi nauli, kwa hiyo mzee akiingia na umati atafika kisiwani bila kuulizwa lolote. Wewe uko Likoni unaitazama nukta ng'ambo ya maji. Kama huko hakuna mtu wa kumshika mkono, nukta itakusaidia nini?

Kuna hatari nyingine. Kisauni imepakana na Kaunti ya Kilifi, ambako wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na Kaya Godoma huko Ganze imekuwa kimbilio la walionusurika. Sasa chukua mzee aliyesimama uani kwa jirani saa nane za usiku, anazungumza peke yake, hajui amefikaje. Jirani asiyejua habari za ugonjwa atamwita nani? GPS haitamweleza kitu.

Sisi wa kompyuta tuna kanuni: mfumo wote usitegemee mashine moja, kwa sababu siku ikizima kila kitu kimezima. Nyumba nyingi zenye mgonjwa wa dimensia ziko hivyo hivyo. Seva ni binti mmoja, inafanya kazi usiku na mchana, na hakuna seva ya akiba.

Si kwamba hatuna moyo. Msiba ukitokea, majirani hawangoji kuitwa, maturubai yanafungwa na sufuria zinakuja. Lakini matanga yana siku zake, yanaisha. Dimensia huenda miaka. Watu huja wiki ya kwanza, kisha hupoa, na hakuna aliyewapangia siku ya kurudi. Ndiyo maana nasema tatizo letu ni zamu. Naona tungeanza hivi:

1. Waambieni watu. Mwenye duka, vijana wa bodaboda, mama wa viazi karai, imamu au mchungaji, wazee wa Nyumba Kumi. Wajue sura ya mzee na wawe na nambari mbili za simu. Si aibu, ni ugonjwa.

2. Pangeni zamu. Watu wanne, kila mmoja saa mbili, mara mbili kwa wiki: binti amepata saa 16 za kulala, kuoga, kwenda sokoni. Karatasi ukutani yatosha.

3. Nendeni hospitali. Si kila kusahau ni dimensia. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo, maambukizi au sonona huweza kuleta dalili kama hizo, na hutibika. Wahudumu wa afya ya jamii, waliopewa simu na vifaa na serikali mwaka 2023, wanapita nyumba kwa nyumba. Waulizeni.

4. Walezi wakutane, hata mara moja kwa mwezi, kama chama. Elizabeth Mutunga alianzisha shirika la Alzheimer's & Dementia Organisation Kenya baada ya baba yake kuugua, na vikundi vya walezi ni sehemu ya kazi yake. Mlezi akisikia mwenzake naye huulizwa "wewe ni nani?" na mama yake mzazi, mzigo hupungua kidogo.

Na programu? Zamu ikishakuwepo, naweza kuiandika jioni moja: ujumbe mfupi wa SMS kumkumbusha mwenye zamu ya kesho, ufike hata kwenye mulika mwizi. Bila majina manne kwenye karatasi, itamtumia nani?

Basi, kama mtaani kwenu yuko mzee wa namna hii, msianze na mimi. Nendeni mkamwulize binti yake siku gani angependa kupumzika.