Nimeolewa na Zimamoto

Kuolewa na zimamoto si mchezo, jamani. Simu ikilia usiku yeye huyoo, mimi nabaki na dua zangu. Siku hizi nina hofu mpya: magari ya umeme.

"Mama Zawadi, hata moto huo una kanuni zake," aliniambia. Nikambana anieleze zote.

Kwanza, gari la umeme halingurumi. Unadhani limezimwa, kumbe linaweza kuchomoka. Kwa hiyo wanaweka kabari kwenye matairi, gia kwenye P, wanalizima, kisha wanakata betri ndogo ya volti 12. Nyaya za rangi ya chungwa hawazikati. Umeme wa nyumbani ni volti 230. Humo ni kama 400, mengine hata 800.

Betri kubwa ikishika moto, moshi wake ni sumu, hivyo lazima wavae vifaa vya kupumulia. Na maji si ya ndoo: mwongozo wa Tesla Model S kwa waokoaji unataja zaidi ya lita 11,000! Moto ukizimika unaweza kuwaka tena baada ya saa nyingi, ndiyo maana gari huwekwa mbali na nyumba na magari mengine, mita 15 hivi.

Wapenzi wasomaji, mkipata ajali na gari la namna hiyo, tokeni, kaeni mbali, na mkipiga simu semeni mapema: "Gari ni la umeme." Huyo mnayemwita naye ana mtu anayemsubiri nyumbani.