Emacs ilidhani niko nyumbani

Mnaoniuliza kwa nini nimekuwa kimya, ni kazi tu. Leo nawasimulia saa mbili nilizopoteza Alhamisi iliyopita, huenda zikamwokoa mwingine.

Ninatunza mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo. Asubuhi mweka hazina alinipigia simu: "Kijana wangu, wanachama wamejaa hapa dirishani na akaunti hazifunguki." Kosa nililiona upesi. Nenosiri la hifadhidata lilikuwa limebadilishwa, na faili la mipangilio bado lilikuwa na lile la zamani. Kazi ya dakika moja hiyo.

Ndani ya Emacs nikafungua M-x shell, nikaingia kwenye seva kwa ssh, nikaandika cd /var/www/chama. Kisha C-x C-f, faili hilo likafunguka. Nikasahihisha, nikahifadhi, nikawasha huduma upya. Wapi! Nikarudia. Nikalaumu hifadhidata, nikalaumu kashe, hata PHP maskini sikuiacha. Simu ikalia tena, na safari hii sikuitwa kijana wangu.

Mwishowe nikasoma faili lenyewe kwa cat, kule kule kwenye seva. Nenosiri la zamani! Halikuwa limeguswa. Nikabonyeza M-x pwd, nayo Emacs ikajibu /var/www/chama, bila jina la seva mbele yake. Kumbe muda wote nilikuwa nikihariri nakala iliyo kwenye tarakilishi yangu.

Jambo lenyewe ni hili: M-x shell haiulizi sheli iko saraka gani. Inasoma unachoandika, na ikiona cd, pushd au popd inajisogeza yenyewe. Kwayo ssh ni amri kama nyingine, haijui kwamba umehama mashine. Kama saraka ile isingekuwepo kwangu, ingelalamika pale chini kwamba haiioni. Lakini mimi, kwa ujanja wangu, nilikuwa nimeweka nakala kwenye njia ile ile ili ifanane na seva. Ikanyamaza.

Dawa ni kuanzia kwa Tramp. Fungua saraka ya mbali kwa C-x C-f /ssh:chama:/var/www/chama/ (chama ni jina nililoliweka katika ~/.ssh/config), kisha ukiwa humo bonyeza C-u M-x shell. Usisahau C-u, la sivyo utarudishwa kwenye sheli yako ya zamani ikiwa bado iko hai. Sheli hiyo mpya inazaliwa kule kule kwenye seva, na kila cd inabaki na /ssh:chama: mbele yake. Ukihama saraka kwa alias bado itapotea, hapo tumia M-x dirs, ambayo kweli huiuliza sheli.

Akaunti zilifunguka kabla ya saa sita. Ile nakala nimeihamishia ~/kazi/chama, ili siku nikisahau tena, Emacs ilalamike.