Chuma Ndani ya Mshipa

Mshipa wa damu ubongoni huweza kudhoofu mahali pamoja, ukatuna mfano wa tunda juu ya shina. Uvimbe huo ukipasuka, damu humwagika kuuzunguka ubongo, na wako wafao kabla ya kufikishwa kwa tabibu.

Mwaka 1937, katika Baltimore, Walter Dandy alifungua fuvu la mgonjwa akaibana shingo ya uvimbe kwa kibanio cha fedha. Kibanio kizuri hukaa kama kilivyotiwa; walakini dunia hubadilika hata chuma kisipobadilika. Vibanio vingine vya kale vilikuwa vya chuma kivutwacho na sumaku. Zilipokuja mashine zipigazo picha za mwili kwa sumaku kali, mtu aliyekaa salama miaka mingi alianza kuulizwa mlangoni kibanio chake ni cha namna gani.

Guido Guglielmi, katika Los Angeles mwaka 1990, hakufungua fuvu. Alipenyeza mrija mwembamba ndani ya mishipa hadi ubongoni, akaujaza uvimbe nyuzi za platini zilizojikunja, akaziachanisha na waya uliozibeba kwa umeme hafifu. Damu iliganda kati ya nyuzi. Lakini moyo haulali. Kila pigo lake husukuma mkondo juu ya nyuzi hizo, nazo ni laini (na ulaini ndio sifa yake), hata pengine hushindiliwa kama sufi katika mto uliolaliwa miaka mingi. Shingo hufunuka, damu ikaingia tena. Kwa hiyo mgonjwa huitwa kupigwa picha baada ya miezi, tena baada ya miaka. Hana maumivu ya kumwongoza: mwili wasema amani, tabibu asema ngoja tuone.

Wavu wa nyuzi za madini, ulioruhusiwa Marekani mwaka 2011, hauingii katika uvimbe. Hulala ndani ya mshipa wenyewe, ukapita mbele ya mlango wake. Siku ya kwanza uvimbe huweza kujaa damu vile vile. Lakini kasi imepungua. Damu iliyotuama huganda kidogo kidogo, na chembe hai za ukuta wa mshipa hutambaa juu ya nyuzi mpaka zizifunike, chuma kikawa kama fito ndani ya udongo. Muda huo wote mgonjwa humeza dawa ili damu isigande juu ya wavu, huku akitumaini igande nyuma yake. Mambo yakienda vema, picha ya mwaka wa pili huonyesha mshipa mtupu, na uvimbe haupo.