Ng'ombe Atapita Wapi?

Nilipopangiwa Shinyanga kama bwana mifugo mwaka 1986, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ndiyo kwanza ulikuwa unaanza. Watu walisema mkoa unageuka jangwa, wala hawakutia chumvi. Tangu miaka ya 1920 wakoloni walifyeka mapori ili kuwaangamiza mbung'o, pamba ikameza sehemu ya yaliyobaki, kisha vijiji vya ujamaa vikawahamisha watu mbali na malisho waliyoyatunza. Ng'ombe walikuwa wengi, nyasi haba.

Tulianza na vitalu vya miche, maana miche inahesabika na taarifa zinapendeza. Mingi ililiwa na mbuzi na mchwa. Wakati huo Wasukuma walikuwa na lao, ngitili: kipande cha malisho kinachofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa katikati ya kiangazi, kwa ajili ya ndama, maksai wa kulimia na ng'ombe wa maziwa. Kipande kikipumzishwa, visiki vya migunga vilivyojificha ardhini vinachipua vyenyewe, bila mche wala ndoo ya maji.

Nakumbuka hasa kikao kimoja cha kupanga ngitili na wanakijiji. Tulitandika ramani chini ya mti, tukaweka mawe pembeni isipeperuke. Ilichorwa kutokana na picha zilizopigwa kwa ndege, na mwenzetu aliyeichora alijivuna nayo. (Carl Troll, Mjerumani aliyeipa elimu ya ikolojia ya mandhari jina lake mwaka 1939, naye alivutiwa na picha za namna hiyo za savana ya Afrika Mashariki.) Ngitili mpya ilikuwa duara zuri la kijani. Mzee mmoja akaliangalia kwa muda mrefu, kisha akaniuliza:

"Bwana mifugo, ng'ombe akitaka maji atapita wapi? Ataruka?"

Duara lilikuwa limeziba njia ya kwenda lamboni.

Mzee akachukua fimbo, akatuchorea mwaka mzima kwenye vumbi. Masika, mbuga ya udongo mweusi chini inakuwa tope, kwa hiyo mifugo hukaa juu kwenye mchanga na mawe. Baada ya mavuno hula mabua mashambani. Kiangazi kikikaza hushuka mbugani, ambako unyevu hukawia, na ngitili huziba pengo la mwisho kabla ya mvua. Ukifunga kipande kimoja bila kuangalia vingine, alisema, umehamisha tu kwato. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne alishaeleza kitaalamu, katika miaka ya 1930, mfuatano huo wa udongo kutoka kilimani hadi bondeni. Mzee aliujua kwa miguu.

Mpaka ukasogezwa, njia ya lambo ikabaki wazi. Dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, ikapanga faini, na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakasimamia, na kwa maoni yangu huo ulinzi ulifaa kuliko mabango yetu yote. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa mkoani zilikuwa takriban hekta 600. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilizidi 300,000.

Leo wanaonitembelea husifia takwimu hizo, nami huwauliza ngitili ni ya nani. Nyingi ni za watu binafsi, na mwenye nyasi huzikodisha kwa mwenye ng'ombe. Asiye na ardhi wala mifugo, aliyekuwa akiokota kuni na kuchuma mboga za porini humo, sasa lazima aombe ruhusa. Ramani yetu haikuwa na rangi ya mtu huyo.